Samaki wa Jiwe na Sangara wa Kasanga

Katika picha kuna kipande cha jiwe la chokaa, jeupe lililoelekea manjano, na juu yake amelala samaki ubavu-ubavu. Nyama ilikwisha zamani. Kilichobaki ni mifupa ya rangi ya kahawia, imebanwa ikawa bapa, lakini kila mmoja umekaa mahali pake. Pingili za uti wa mgongo zinahesabika. Miiba ya pezi la mgongoni imesimama, na mdomo uko wazi kidogo. Huyu ni Eolates gracilis, samaki wa bahari aliyekufa yapata miaka milioni 50 iliyopita, mahali ambapo leo ni kijiji cha Bolca, milimani karibu na Verona, kaskazini mwa Italia. Spishi yake imetoweka. Hakuna wavu utakaomnasa tena. Mimi naitazama picha hii nikiwa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwenye mji ambao mtu anaweza kuzaliwa, kulima mahindi na ulezi, kuoza mabinti, kuzeeka na kuzikwa bila kuonja maji ya chumvi hata siku moja. Na bado sura ya samaki huyu si ngeni. Mgongo ule, paji la uso lile lililobonyea kuelekea mdomoni, pezi lile lililogawanyika: nimeviona vyote sokoni, na nimevila kwa ugali.

Samaki wa Sumbawanga hupanda. Hutoka Kasanga, Kipili na Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako mita 770 na kitu tu juu ya usawa wa bahari. Wa Kasanga huletwa na magari yanayokata kona za ukingo wa Bonde la Ufa, yakaacha joto la ziwani kule chini, yakapita Matai, na mpaka yaingie mjini abiria wameshavaa makoti. Sokoni dagaa wako kwenye magunia. Migebuka waliokaushwa wamepangwa kwa mafungu. Pembeni, siku ikiwa njema, yuko sangara aliyekatwa vipande, na kichwa chake kimewekwa peke yake kwa ajili ya wanaojua supu. Uliza bei, muuzaji atakutajia, kisha atakuongezea ushauri ambao hukuuomba: "Ukikiosha, mwanangu, chunga vidole na hilo shavu. Linakata."

Linakata kweli. Nyuma ya jicho, mbele ya kifuniko cha matamvua, upo mfupa mpana uliopinda, na ukingo wake una meno kama msumeno. Penye kona miiba huwa mikubwa zaidi, na kifuniko chenyewe kina mwiba wake. Mama anayeosha kichwa hicho anakijua kwa kidole. Mtaalamu wa samaki anakijua kwa jina na kwa hesabu, lakini wote wawili wameshika jambo lilelile: huyu si perege, si kambare, si kuhe, ni wa nyumba nyingine. Endelea kumkagua. Pezi la mgongoni limekatika karibu liwe mawili, la mbele lina miiba migumu saba au minane, la nyuma ni laini. Pezi la chini, nyuma ya tundu la haja, linaanza na miiba mitatu. Mstari wa pembeni, ule msururu wa magamba yenye vitundu ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji, kwa samaki wengi hukomea kwenye shina la mkia. Kwa huyu hauishii hapo, hupanda juu ya pezi la mkia na kufika mpaka ukingoni. Halafu kuna alama ambayo hutaiona mpaka nyama iishe: kwenye pingili ya pili ya uti wa mgongo, ule mwiba wa juu umepanuka ukawa bapa, mpana isivyo kawaida. Mwaka 1976 Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki wa Afrika aliyefanya kazi katika makumbusho ya historia asilia ya London, aliupitia ukoo huu mzima na kushikilia alama hizo mbili, mstari unaofika ukingoni mwa mkia na pingili ya pili yenye mwiba mpana, kuwa ndizo za kuutambulisha. Mwaka 2004 Olga Otero, Mfaransa, akaurudia mfupa kwa mfupa, akiwaweka walio hai na waliogeuka jiwe kwenye meza moja. Katika meza hiyo sangara wa Ziwa Tanganyika na samaki wa Bolca wamekaa jamvi moja. Ni jamaa. Familia yao inaitwa Latidae.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wazee, na kwa kawaida methali hiyo huitoa mtu aliyekasirika. Lakini ukiitoa hasira, inabaki kanuni ya wanajiolojia na wanabaiolojia wote: umbo linasema limetoka kwa nani. Tatizo ni kwamba ilichukua muda mrefu watu kukubali kwamba "kutoka kwa nani" ndilo swali lenyewe. Samaki wa Bolca walichimbwa na kushangaza watu karne nyingi. Mawe yale yalilala tabaka juu ya tabaka katika bahari ya Tethys, bahari yenye joto iliyokuwa kati ya Afrika na Ulaya kabla mabara hayo hayajasogeleana. Chini kule hewa ya oksijeni ilikuwa haba, hapakuwa na wa kuja kuutafuna mzoga, na tope laini likafunika kila kilichozama. Ukilipasua jiwe kwa patasi, samaki hugawanyika nusu kwa nusu, huku mifupa, huku alama yake. Mwishoni mwa karne ya 18 Giovanni Serafino Volta aliwaeleza samaki hao katika kitabu kikubwa, na wengi wao akawapa majina ya samaki walio hai wa bahari za mbali. Kwake yeye hawa walikuwa samaki walewale, wamefika mlimani kwa njia fulani. Mwaka 1797 jeshi la Napoleon lilichukua mkusanyo wa mtukufu mmoja wa Verona, Giovanni Battista Gazola, ukapelekwa Paris. Ndiyo namna samaki wa Italia walivyofika mikononi mwa Mswisi kijana, Louis Agassiz, ambaye katika kazi yake ya juzuu kadhaa juu ya visukuku vya samaki, iliyotoka kati ya 1833 na 1843, alimwangalia samaki wetu akamwita Lates gracilis. Yaani alimwingiza moja kwa moja katika jenasi ambayo wataalamu wa Kifaransa Cuvier na Valenciennes walikuwa wameianzisha mwaka 1828, jenasi ya sangara wa mto Nile. Hakuwahi kuiona Ufipa. Alikuwa na mifupa tu, na mifupa ilimtosha.

Hapa nasita kidogo, kwa sababu Agassiz ni mtu wa kusitia. Aliandika ukoo bila kuamini uzazi. Kwake yeye spishi zilizofanana hazikufanana kwa kuwa zilizaliwa na mzazi mmoja; zilikuwa mawazo ya Muumba, kila moja imeumbwa peke yake, zimepangwa safu kwa safu. Alibaki mpinzani wa Darwin mpaka kufa. Alipohamia Marekani akaanza kufundisha Harvard, aliwapima na watu kwa kipimo hichohicho: alidai kwamba mataifa ya wanadamu yaliumbwa mbalimbali, na mwaka 1850 aliagiza watumwa wa South Carolina wapigwe picha wakiwa wamevuliwa nguo ili ziwe ushahidi wake. Jicho lilelile lililoutambua mwiba wa samaki likashindwa kumtambua ndugu aliyesimama mbele ya kamera. Nimejiuliza mara nyingi kama kazi ya kupanga viumbe katika makundi ina sumu ndani yake, kama kila daftari la majina mwishowe huwa daftari la mabwana. Sidhani. Sumu haiko kwenye kupanga, iko kwenye kupanga bila kuuliza nani alimzaa nani. Ukishauliza hivyo, daftari haliwezi kukaa kimya, litakwambia jambo la kuudhi kwa kila mwenye kiburi: ukirudi nyuma vya kutosha, hapana aliye peke yake.

Na daftari lenyewe halitulii. Samaki wa Bolca aliondolewa kwenye Lates katika karne ya 20, pale Lorenzo Sorbini wa Verona alipoona tofauti za kutosha akampa jenasi yake, Eolates. Mgebuka wetu naye aliwahi kuishi nje ya nyumba: kwa wembamba wake na mdomo wake mrefu, mtaalamu wa samaki George Boulenger alimweka mwaka 1914 katika jenasi ya peke yake, Luciolates, mpaka Greenwood alipomrudisha kwa sangara wenzake. Familia nzima iliwahi kuhesabiwa tawi la Centropomidae, samaki wa pwani za Amerika, kabla ya kupewa nyumba yake. Kisha vikaja vinasaba, na pigo kubwa likashuka juu ya lile kundi pana lililoitwa la "samaki wa jamii ya sangara", kapu ambalo kila mwenye miiba mgongoni alitumbukizwa humo. Kapu lilipasuka. Latidae hawamo tena upande wa wale samaki wa mito ya Ulaya waliolipa kundi jina. Wamekwenda kukaa na akina kolekole, nduaro, mzia, hata gayogayo anayelala ubavu kwenye mchanga na macho yote mawili upande mmoja. Mvuvi wa Kilwa au Unguja akisikia hayo atacheka: hawa wote anawauza kila siku, hawafanani hata kidogo. Lakini jamaa wa mgebuka wa Kasanga ndio hao, kwa damu, na wako baharini.

Ndipo inapokuja habari ya bahari na Ziwa Tanganyika, habari ambayo Ufipa inapaswa kuijua kuliko mahali pengine popote. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, Speke alirudi na makombe ambayo walioyachambua London waliyaona kama ya baharini: mazito, yenye nakshi na miiba, si ya konokono wa maji baridi wanaojulikana. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona humo konyeza, yule kiumbe wa ute anayeelea, ambaye kila mtu wa pwani humkimbiza mtoto asimguse. Konyeza ziwani! Mwingereza John Edmund Sharrock Moore akaja mara mbili kati ya 1895 na 1900, akakusanya, akatafakari, na mwaka 1903 akatoa kitabu alichokiita The Tanganyika Problem. Jibu lake lilikuwa la kuvutia: ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale, ya enzi ya Jurasiki, bahari iliyofika mpaka katikati ya Afrika, ikarudi, ikaacha dimbwi na viumbe vyake. Ni wazo zuri sana. Ningependa liwe kweli. Halikuwa kweli: safari ya William Cunnington ya 1904 hadi 1905 ililitikisa, na jiolojia ikalimaliza. Ziwa lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, limezaliwa na Bonde la Ufa lilipopasuka, na kina chake cha mita 1,470 ni kina cha ufa, si cha bahari iliyosahauliwa. Makombe yale yalikuwa ya konokono wa ziwani waliojijengea silaha humohumo, kwa sababu kaa wa ziwa wana magando.

Lakini Moore alikuwa na jambo mkononi. Miongoni mwa samaki aliowaleta London alikuwamo nonzi, yule mkubwa mwenye magamba madogo, ambaye Boulenger alimpa jina la Lates microlepis mwaka 1898. Moore alitafuta bahari ndani ya konokono, na bahari ilikuwa ndani ya chupa ya samaki. Nonzi, sangara wawili (mariae na angustifrons) na mgebuka, wote wanne wenyeji wa ziwa hili, ni wa ukoo uliotokea kwenye chumvi. Nyayo zao za zamani zaidi barani Afrika haziko Rukwa wala Kigoma, ziko Fayum, Misri, jangwani kusini-magharibi mwa Cairo, ambapo pwani ya Tethys ilikuwa jirani na mito ilikuwa ikiishia hapo. Mwaka 2004 Alison Murray na Yousry Attia walimweleza kutoka huko Lates qatraniensis, samaki wa maji ya mto wa takribani miaka milioni 30 iliyopita. Mifupa ya sangara imeokotwa pia Rusinga na Turkana nchini Kenya, na kwenye bonde la Albert na Edward. Hao ni wasafiri. Dagaa nao, wale wadogo tunaowanunua kwa kisado, wana kisa kinachofanana: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 na Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer uliwarudisha kwa mababu wa baharini walioingia maji baridi upande wa Afrika Magharibi bahari ilipofurika kati ya miaka milioni 50 na 25 iliyopita. Bahari iliko ndiko mito iendako, na methali haina kosa kuhusu maji. Samaki walipita njia hiyohiyo kwa kugeuza uso. Waliogelea dhidi ya mkondo, kizazi juu ya kizazi, maporomoko juu ya maporomoko, njia nyingine zikafungwa nyuma yao na milima iliyoinuka, mpaka kukawa hakuna kurudi.

Na mwenye hamu ya bahari halisi Ufipa asikate tamaa. Uwanda huu ni gongo la miamba migumu lililoinuliwa kati ya nyufa mbili, Tanganyika upande mmoja na Rukwa upande mwingine, miamba ya ukanda wa Ubende ambayo sehemu yake kubwa inakaribia miaka bilioni 2. Ndani yake kuna eklojaiti, mwamba mzito unaotokea pale ganda la dunia linapozamishwa kilomita nyingi chini kisha likarudishwa juu. Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Volker Schenk wa Kiel, Ujerumani, waliupima huo wa upande wa Ufipa na mwaka 2012 wakaeleza kwamba kemia yake ni ya sakafu ya bahari, na kwamba uliivishwa kati ya miaka milioni 600 na 500 iliyopita, mabara mawili ya kale yalipobana bahari iliyokuwa kati yao mpaka ikatoweka. Kwa hiyo bahari ilikuwapo. Moore aliikosa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Ilifungwa kabla samaki yeyote hajapata taya, na kile kilichobaki chake kinakanyagwa na mbuzi. Sangara alikuja baadaye mno, kwa mlango mwingine, akakuta wenyeji.

Wenyeji ni nani hasa, hilo Ufipa imelijadili kwa karne kadhaa bila msaada wa mwanabaiolojia. Wafipa husimulia habari za Milansi, kijiji cha watu wa chuma, na mtawala wake wa kwanza Ntatakwa. Husimulia jinsi wanawake wa ukoo wa Twa walivyokuja kutoka mbali, wakafika mtawala akiwa hayupo, wakakikalia kiti, na aliporudi nchi ikawa imeshapata wenyewe wapya. Milansi wakabaki na heshima ya asili, Twa wakabaki na utawala, ambao baadaye uligawanyika ukawa Nkansi na Lyangalile. Kinachonivutia katika simulizi hiyo ni kwamba haikumfukuza mgeni wala haikumfuta mwenyeji. Iliwahesabu wote wawili, kila mmoja na tarehe yake. Anatomia hufanya hivyohivyo. Sangara wa Kasanga ni wa ziwa, hapana ubishi. Haishi kwingine, amezaliwa humo yeye na mababu wasiohesabika. Lakini ule mstari wa pembeni unaofika ukingoni mwa mkia hakuupata ziwani. Ule mwiba mpana wa pingili ya pili hakuupata ziwani. Alikuja navyo. Mwacha asili ni mtumwa, tunaambiwa, na samaki huyu hata angetaka kuiacha asingeweza, kwa kuwa imekaa kwenye uti wa mgongo.

Upande wa pili wa uwanda kuna funzo la kinyume. Ziwa Rukwa, la maji ya magadi na lisilo na mto wa kutokea, halina sangara. Miaka elfu kumi hivi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, lilijaa hadi likamwagikia Tanganyika kupitia upande wa Karema, kisha likashuka, likawa bwawa pana la kina kifupi ambalo miaka mingine hukauka sehemu kubwa. Huko wanatawala perege wa Rukwa na kambare, watu wa dhiki. Nao perege ni wa kale kwa njia yao. Kule Mahenge, Singida, palikuwa na ziwa dogo la kreta yapata miaka milioni 46 iliyopita, na katika tope lake lililogeuka jiwe wamekutwa Mahengechromis, ndugu wa mapema wa perege na wa furu. Ukipenda kuwaza, waza hivi: miaka milioni chache tu baada ya Eolates kuzama kwenye tope la Bolca, babu wa perege alikuwa ameshakaa Singida. Walikuwa hawajakutana. Wajukuu wao wanakutana kila asubuhi kwenye meza moja ya saruji Sumbawanga, bei tofauti. Walipokutanishwa kwa nguvu, katika Ziwa Victoria, ambako sangara wa Nile walimwagwa katika miaka ya 1950 na 1960, matokeo yake tunayafahamu: spishi nyingi za furu zimepotea, na hakuna jiwe lililopata nafasi ya kuzihifadhi.

Ndiyo maana neno kutoweka halinijii kwa wepesi. Eolates ametoweka, lakini ukoo wake haukutoweka. Bahari yake ilifinywa na Afrika iliyosogea kaskazini, mlango ukafungwa, na tawi lile likaisha. Matawi mengine yalibaki kwenye chumvi: Lates calcarifer yupo mpaka leo, kuanzia Ghuba ya Uajemi kupita India hadi Australia, samaki anayeanza maisha akiwa dume na kumalizia akiwa jike, anayekulia mtoni na kuzalia kwenye mlango wa bahari. Ajabu ni kwamba pwani yetu hayupo. Lamu hayupo, Mombasa hayupo, Mafia hayupo. Mswahili wa pwani anayetaka kumwona jamaa huyu wa bahari kwa sura ya karibu hana budi kupanda treni ya Kigoma au basi la Sumbawanga. Ufipa nayo inajua tawi linavyoisha: wahunzi wake, waliosimamisha malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizovuta upepo zenyewe bila mivukuto, waliacha kuyeyusha chuma katika karne ya 20 vilipozidi vyuma vya dukani, na magofu ya malungu bado yanaonekana mashambani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini kuna siku koleo huvunjika na hakuna aliyebaki anayejua kuitengeneza. Tawi na mti si kitu kimoja. Mti wa Latidae umepoteza Eolates ukasimama. Mti huohuo ukipoteza nonzi, utasimama pia. Ila ni sisi wa mwambao huu tutakaokuwa tumekata tawi, na safari hii hakuna bara lililosogea la kusingiziwa.

Hali yenyewe inasemeka kwa maneno machache. Uvuvi wa nyavu kubwa za kuzungushia ulioanza katikati ya karne ya 20 uliwapiga kwanza wale wakubwa watatu, wanaokua polepole, na ukabaki kutegemea mgebuka na dagaa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto ziwa halichanganyiki vizuri, rutuba ya chini haipandi, na chakula cha samaki kinapungua. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, nonzi na sangara angustifrons wameandikwa kuwa hatarini kutoweka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na miezi hiyo mitatu iliumiza familia nyingi za mwambao zilizokuwa hazina shamba la kukimbilia. Naunga mkono kufunga, lakini nasema wazi kwamba anayefunga ziwa ana deni la kuwatazama waliokuwa wakilila ziwa hilo.

Nina ombi kwa walimu wa baiolojia wa Sumbawanga, Matai na Namanyere, kwa kuwa vitabu vyetu vya shule hupenda kuchora samaki asiye na jina na asiye na kwao. Ziwa likiwa wazi, nunueni kichwa cha sangara na kipande cha mgongo wake. Kabla ya kupaa magamba ya mkia, waonyesheni wanafunzi mstari wa pembeni unavyokwenda mpaka ukingoni. Kisha chemsheni, nyama iliwe, mifupa ioshwe na kuanikwa, na mtoto mmoja atafute pingili ya pili. Ikishakauka ipangwe kwenye sanduku, iandikwe jina la samaki, tarehe na mahali alipovuliwa, na lisitupwe likizo ikifika. Fanyeni mwaka huu, maana vichwa vya sangara vinazidi kuwa vichache sokoni.